Altrasaundi ya Tumbo Haioni Tumbo

"Dokta, altrasaundi imetoka safi. Sasa hii damu inatoka wapi?"

Nimeulizwa hivyo na mgonjwa aliyekuwa anaongezewa chupa ya tatu ya damu. Nimeulizwa na binti yake kwenye korido. Nimeulizwa msibani, na juzi nimeulizwa na muuguzi, mtu aliyesomea afya, ambaye mumewe anapata choo cheusi tangu kabla ya mfungo. Kila anayeuliza ananinyooshea bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi mbili tatu na vipicha vya kijivu, na kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho: hakuna tatizo lililoonekana. Mimi ni daktari wa radiolojia, riziki yangu ni kusoma picha hizo. Swali hili limenichosha kwa sababu wengi wanaoliuliza wamekwisha kupoteza miezi, na baadhi yao wamepoteza mtu.

Jibu langu ni fupi. Altrasaundi ya tumbo haikuangalia tumbo lako.

Kosa linaanzia kwenye ulimi wetu wenyewe. Neno tumbo tumelitwisha mizigo mingi mno. Mjamzito ana tumbo, na mwenye kitambi ana tumbo. Ndugu wa mama mmoja ni wa tumbo moja. Anayeharisha, mwenye hedhi ya maumivu na mwenye kiungulia wote wanaumwa tumbo. Daktari anapoandika altrasaundi ya tumbo, anakusudia eneo lote kati ya mbavu na nyonga: ini, kibofu cha nyongo, wengu, figo, kibofu cha mkojo, na kwa mwanamke mji wa mimba. Vitabu vya biolojia vina neno fumbatio kwa eneo hilo, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia hospitalini. Mgonjwa yeye akisikia altrasaundi ya tumbo, anaelewa kile kiungo kinachopokea ugali. Daktari na mgonjwa wanatamka neno moja, kila mmoja ana kiungo chake kichwani, na hakuna anayemrekebisha mwenzake. Humu nitakiita kiungo hicho mfuko wa chakula, ili tusiendelee kupotezana.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe. Altrasaundi haipigi picha kwa mwanga wala kwa mionzi. Inatuma sauti, mitetemo milioni 2 hadi 5 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu linakoma kwenye elfu 20 hivi. Kisha inasikiliza mwangwi unaorudi. Sauti hiyo inapenya vizuri kwenye nyama na kwenye majimaji. Ini linaonekana, figo zinaonekana, jiwe kwenye nyongo linaonekana kama kokoto kwenye glasi ya maji, mtoto aliye tumboni anaonekana akinyonya kidole. Lakini sauti hiyo ikikutana na hewa, safari imeishia hapo. Zaidi ya asilimia 99 yake inarudi palepale, na nyuma ya hewa ile skrini inabaki na weupe na kivuli. Ile jeli ya baridi tunayokupaka si dawa. Ni ya kuondoa hewa kidogo iliyobaki kati ya kifaa na ngozi yako, kwa kuwa hewa hiyo, nyembamba kuliko karatasi, inatosha kutupofusha. Basi upime mwenyewe: mfuko wa chakula una hewa muda wote, unaimeza kila unapomeza mate, kila unapokunywa soda, kila unapoongea huku unakula, na jirani yake ni utumbo mpana, ambao nao umejaa gesi. Unataka nione nini humo?

Mpimaji mwaminifu huandika ukweli huu, ila hausomwi. Rudi kwenye bahasha yako, usome mistari ya katikati. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi. Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Gesi iliyolificha imo ndani ya nini, kama si ndani ya mfuko huo na utumbo? Karatasi yenyewe inakiri kwamba pale palikuwa na giza, halafu sisi tunaichukua kama hati ya afya njema ya mahali hapohapo penye giza.

Nimewahi kujibiwa kwamba jirani wa fulani, uvimbe wake wa mfuko wa chakula uligunduliwa kwa altrasaundi. Inawezekana. Uvimbe ukiwa mkubwa, au ukuta ukinenepa sana, mpimaji mwenye jicho zuri anaweza kuuona, na wapo wapimaji wa namna hiyo ninaowaheshimu. Hata hivyo, uvimbe uliochomoza nje ya mfuko mara kadhaa hudhaniwa ni wa ini, wa wengu au wa kongosho, kwa sababu umebanana navyo. Ipo pia altrasaundi ya pekee inayoingizwa kwa ndani ikiwa kwenye ncha ya mpira wa endoskopi. Hiyo inasoma tabaka za ukuta wa mfuko moja baada ya nyingine na ni kipimo kizuri sana. Wewe hukupimwa hiyo. Ulipimwa ile ya juu ya ngozi, ile inayopatikana karibu kila mtaa. Kwa swali la mfuko wa chakula, ile ikiona uvimbe ina maana kubwa. Isipoona, haina maana yoyote. Naomba sentensi hiyo uisome mara mbili, na umsomee yeyote nyumbani mwenye bahasha.

Nitaeleza kisa kimoja, cha aina iliyo adimu, kwa sababu kinaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote.

Mzee mmoja wa miaka 58, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa na maumivu madogo upande wa kushoto chini ya mbavu na kushiba upesi. Katika miezi 14 alipimwa altrasaundi mara tatu, sehemu tatu tofauti. Zote tatu safi. Kwa hiyo ikaamuliwa kuwa ni vidonda vya tumbo. Alimaliza dozi za kuua bakteria mara mbili, akatumia omeprazole, akahamia kwenye unga wa mizizi aliouziwa kwenye kopo la mayonezi. Alipoambiwa na tabibu mmoja aende akameze mpira wenye kamera, alikataa. Sababu aliyoitoa ilikuwa ileile: altrasaundi haikuona kitu, nimeze mpira wa nini?

Usiku mmoja maumivu yalimkamata ghafla, akaanguka chooni. Hakutapika damu. Choo chake hakikuwa cheusi. Alifikishwa kwetu akiwa baridi, jasho linamtiririka, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, shinikizo la damu 84 kwa 50, tumbo gumu kama ubao. Daktari wa dharura aliweka kifaa cha altrasaundi juu ya ubavu wa kulia na ndani ya dakika mbili akaona majimaji yamezunguka ini na kujaa nyongani. Binti yake, aliyekuwa amesimama pembeni na bahasha mkononi, alilia: "Lakini dokta, si altrasaundi hiyohiyo! Mwezi uliopita baba alikuwa safi!"

Ndiyo, mwanangu, ni hiyohiyo. Usiku ule iliulizwa swali inalolimudu. Majimaji yaliyomwagika kati ya viungo ni kitu altrasaundi inachokiona vizuri kuliko karibu kitu kingine chochote, na kwa mgonjwa anayezimia hakuna kipimo cha haraka zaidi. Mwezi uliopita iliulizwa habari za mfuko wa chakula, nayo kwa hilo ni kipofu. Mashine haikudanganya mara zote mbili. Tuliodanganyika ni sisi, tuliodhani ukimya wake ni jibu.

Alichokuwa nacho mzee yule kinaitwa kwa kifupi GIST, uvimbe wa ukuta wa njia ya chakula. Saratani nyingi za mfuko wa chakula huanzia kwenye utando wa ndani, ule unaogusana na chakula. GIST huanzia ndani ya ukuta, kwenye tabaka la msuli, na asili yake ni seli za Cajal, zilizopewa jina la mwanasayansi wa Hispania Santiago Ramón y Cajal. Seli hizo ndizo zinazoupa utumbo mwendo, zinauamuru msuli ujikunje lini na upumzike lini. Ni uvimbe wa nadra: katika nchi zenye kumbukumbu nzuri za saratani hugundulika kwa watu 10 hadi 15 hivi katika kila milioni kwa mwaka, na takriban asilimia 60 huota kwenye mfuko wa chakula. Kwa kuwa umezaliwa katikati ya ukuta, unaweza kukua kuelekea ndani au kuelekea nje. Unaokua kuelekea nje hauzibi chakula. Mtu anakula, analima, anasafiri, huku kitu chenye ukubwa wa chungwa, baadaye wa nazi, kinaning'inia nje ya mfuko wake.

Kutoka damu ndiyo dalili yake kubwa, na damu hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ndiyo ya kawaida: utando uliofunika uvimbe unavutwa mpaka unapata kidonda, damu inaingia mfukoni, asidi inaibadili rangi, nayo inatoka kama matapishi yanayofanana na masimbi ya kahawa au choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu ambayo muuguzi wa wodi haisahau. Mililita 50 hadi 100 zinatosha kukifanya choo kiwe hivyo, yaani chini ya nusu kikombe cha chai. Vidonge vya madini ya chuma na mkaa navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila si kwa mnato huo wala harufu hiyo.

Njia ya pili ni ile ya mzee wetu. Uvimbe umekua kuliko uwezo wa mishipa inayoulisha. Katikati yake panakufa, panalainika, panajaa damu, na gamba linatanuka. Kisha siku moja mtu ameinua gunia, au amekohoa, au hajafanya lolote, gamba linapasuka. Damu haiingii kwenye chakula. Inamwagika kwenye fumbatio, kati ya viungo. Ndiyo maana hakuna choo cheusi wala matapishi, na ndiyo maana mtu anaweza kupoteza lita mbili kati ya tano alizo nazo bila tone moja kuonekana nje. Hata kipimo cha wingi wa damu katika saa za mwanzo kinaweza kutoka karibu na kawaida, kwa sababu damu inapomwagika haibadiliki uzito wake mara moja. Inachukua muda mpaka maji ya mwilini yaingie kwenye mishipa kujaza pengo.

Lazima niseme pia kwamba mgonjwa mwenye damu ndani ya fumbatio hatufikirii GIST kwanza. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, tunahesabu kuwa ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba hadi kipimo kikatae. Kwa mwenye homa ya ini aina ya B, tunafikiria saratani ya ini iliyopasuka. Tunauliza kama aliumia, kwa sababu ya wengu. GIST iko mbali kwenye orodha, na haitajulikana kwa kubashiri. Inajulikana kwa picha.

Picha hiyo ni skani ya CT. Mzee aliongezewa damu, shinikizo likapanda, tukampitisha kwenye mashine. Mgonjwa ambaye shinikizo lake halipandi hatumpeleki huko. Anakwenda thieta, kwa kuwa chumba cha CT si mahali pa kufia. Skani ya CT haijali hewa. Inazungusha mionzi, inakata mwili vipande vyembamba, na kila nukta ya kila kipande inapewa namba, iliyopewa jina la Mwingereza Godfrey Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni -1,000. Maji ya kawaida yanayojaa tumbo la mgonjwa wa ini mara nyingi hayavuki 20. Damu iliyomwagika karibuni ina 30 hadi 45. Damu iliyoganda ina 45 hadi 70. Hivyo, kabla hata ya kuchoma dawa yoyote, nikiweka alama juu ya yale majimaji na kusoma namba 40, najua kuwa ni damu. Hounsfield alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo lake lilianza mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi kwenye idara ya mionzi ya hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Hiki ni kipimo chenye mzizi Afrika, na ningependa tukitumie kwa akili.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi yangu ni hii inayofuata. Damu huanza kuganda pale inapotokea. Iliyosafiri hadi nyongani bado ni nyepesi. Iliyobaki mlangoni imeshika bonge. Kwa hiyo unatembea na namba: nyongani 35, kando ya ini 38, chini ya wengu 44, na mara kandokando ya mkunjo mkubwa wa mfuko wa chakula unakutana na bonge lenye 62. Tunaliita bonge mlinzi, maana limesimama karibu na tundu. Pembeni ya bonge lile kulikuwa na uvimbe wa sentimita 11, umeshikwa na mfuko kwa shingo nyembamba, katikati yake ni maji na damu ya zamani. Tukachoma dawa ya iodini inayong'arisha mishipa, tukapiga picha kama nusu dakika baadaye, na tena baada ya dakika moja na kidogo. Kama damu bado inavuja, kwenye picha ya kwanza kutakuwa na doa jeupe, na kwenye ya pili doa hilo litakuwa limekua. Lake lilikuwa limekua. Nikapiga simu thieta kabla sijamaliza kuandika ripoti.

Uvimbe wa sentimita 11 haukuota mwezi ule. Ulikuwepo wakati wa altrasaundi ya tatu, kwa hakika ulikuwepo wakati wa ya pili. Ungetolewa ukiwa mzima ndani ya gamba lake, huenda angepona kwa upasuaji huo. Ukishapasuka, seli zake zimetawanyika kwenye fumbatio lote, na mgonjwa anahesabiwa moja kwa moja kwenye kundi la hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, hata kama uvimbe ungekuwa mdogo. Hiyo ndiyo bei ya bahasha tatu.

Kuna imani nyingine ninazozipitia haraka, kwa sababu nguvu zangu nazihifadhia altrasaundi, ambayo ni kifaa cha kweli kinachopewa kazi isiyo yake. Vifaa vya kushika mkononi vinavyodai kupima mwili mzima kwa dakika moja na kutoa kurasa za majibu, kuanzia ini hadi nguvu za kiume, havipimi chochote. Havitumi sauti, havitumi mionzi, havichukui damu. Hakuna habari inayotoka ndani yako kuingia humo. Waliovileta kijijini kwenu wamekuja kuuza virutubisho. Kipimo cha bakteria wa tumbo kikiwa na majibu ya ndiyo, kinathibitisha kuwa una bakteria, ambaye watu wengi sana wa nchi zetu wanaye. Hakithibitishi kuwa ndiye anayekutoa damu, na hahusiki na GIST hata kidogo. Nafuu uliyoipata kwa omeprazole nayo haithibitishi vidonda: asidi ikipungua, hata kidonda kilicho juu ya saratani kinaweza kutulia kwa wiki kadhaa, halafu kikaendelea na kazi yake. Unga wa mizizi sijui una nini, na aliyekuuzia hajui. Na tafadhali, usimeze diclofenac, ibuprofen wala aspirini kwa ajili ya maumivu ya tumbo. Dawa hizo zenyewe hutoboa utando wa mfuko wa chakula. Kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kimyakimya, mwambie daktari.

Basi ufanye nini? Choo cheusi kinachonata, matapishi yenye damu, kuzimia, au maumivu ya ghafla yenye jasho baridi: ni dharura, unaenda hospitali yenye damu ya kuongezea, siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Kwa damu inayoingia kwenye njia ya chakula, kipimo cha kwanza ni endoskopi, ule mpira wenye kamera, unaoona kidonda na mara nyingi unakitibu hapohapo; inafaa ifanyike ndani ya saa 24 baada ya mgonjwa kutulizwa. Inafanyika Muhimbili, Bugando, KCMC, Benjamin Mkapa, Mbeya na hospitali nyingine kubwa. Ambaye hajatoka damu lakini ana umri uliozidi miaka 50 na maumivu mapya, au anakonda, anashiba upesi, anatapika mara kwa mara, ana upungufu wa damu usioeleweka, naye anahitaji endoskopi, si altrasaundi ya nne. Endoskopi ikitoka safi na shaka ikabaki, omba skani ya CT yenye dawa ya mishipa, kwa sababu kamera inaona kuta za chumba kwa ndani, haioni mti ulioegemea ukuta kwa nje. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina CT, huna haja ya kukimbilia Dar es Salaam kwa ajili hiyo peke yake. Kabla ya kipimo sema kama una mzio, ugonjwa wa figo, kisukari unachokitibu kwa metformin, au ujauzito. Kama unatoka damu, usikubali kunywa dawa nyeupe ya bariamu: itaifunika damu tunayoitafuta, nasi tutakuwa vipofu kwa mara ya pili.

Uvimbe ukionekana, usiruhusu uchomwe sindano kupitia ngozi kabla timu ya upasuaji haijauona. GIST ni laini, inatoka damu na inaweza kumwaga seli. Tiba ni kuutoa wote ukiwa ndani ya gamba. Kama damu inavuja na mgonjwa hawezi kuhimili kisu, mshipa unaweza kuzibwa kwa ndani kupitia mrija mwembamba uliopenyezwa pajani. Muhimbili wamekuwa na mafunzo ya kazi hiyo tangu mwaka 2018. Kisha nyama ipelekwe maabara ikapimwe alama ya protini iitwayo KIT, bila hiyo jina GIST ni makisio. Watafiti wa Osaka walionyesha mwaka 1998 kwamba kasoro ya KIT ndiyo injini ya uvimbe huu; mwaka 2000 mgonjwa wa kwanza alipewa imatinib huko Helsinki, na tangu hapo ugonjwa ambao dawa za kawaida za saratani zilikuwa haziugusi umepata kidonge, miligramu 400 kwa siku. Kwa waliopasukiwa na wengine wa hatari kubwa, kwa kawaida kinatumika miaka mitatu baada ya upasuaji, na kinaendelea zaidi ya hapo kama ugonjwa haukuisha. Dawa ni ghali lakini kuna mipango ya msaada. Uliza kwa madaktari wa saratani, Ocean Road au hospitali ya kanda yako, na uulize mapema.

Mzee wa mahindi alitoka thieta akiwa hai. Anameza imatinib na kila miezi michache anakuja kwangu kupigwa CT. Binti yake bado anabeba bahasha.

Nawe utakapofika dirishani, usimwambie anayekupokea kwamba una vidonda vya tumbo, wala usianze na altrasaundi yako. Mwambie ulichokiona: "Tangu jana jioni choo changu ni cheusi na kinanata." Au: "Mume wangu ameanguka ghafla, tumbo limekuwa gumu, na ana jasho baridi." Maneno hayo ndiyo yatakayokupeleka kwenye kipimo unachokihitaji.